Aliyezikumbuka Desemba Zetu

Mwanamke yule alifika siku ya tatu baada ya Krismasi, mnamo saa nne asubuhi, kwa miguu, mkono mmoja ameshika mwavuli mweusi na mkono wa pili begi la nguo. Alisimama nje ya lango la matawi ya miiba akapiga hodi, "Koko! Koko, wenyewe!" Kisha, kabla hajakaribishwa, akacheka peke yake na kusema kwa sauti, "Jamani, jiko wamelihamisha!"

Kelebonye alikuwa ameinama katikati ya mistari ya mtama akipalilia. Alinyooka polepole, jembe mkononi. Jiko lilikuwa limehamishwa kweli, kutoka upande wa mawio kwenda upande wa machweo, lakini hilo lilifanyika mwaka aliofariki Bibi Gabanthate, na Bibi Gabanthate alifariki miaka kumi na tisa iliyopita. Mpita njia angejuaje?

"Wewe nani?" aliuliza bila kusogea.

"Seipone. Mtoto wa Keoagile. Na wewe huna haja ya kuniambia, wewe ni Kelebonye. Umelichukua paji la uso la bibi yako lote zima." Mwanamke aliweka begi chini, akajipangusa jasho. "Nilicheza hapa na wewe. Desemba mbili nzima. Usiniambie umenisahau."

Kelebonye alikuwa amemsahau, kama alipata kumjua. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kilemba. Alikuwa mtu wa rika lake, labda amemzidi mwaka mmoja au miwili, yaani hamsini na kitu, mwembamba, kiatu cha kushoto kimechakaa zaidi upande wa nje. Si jina lake wala la mama yake lililomgusa popote. Na Kelebonye alikuwa karani wa mahakama kule Mahalapye kwa miaka ishirini na miwili. Alishawasikia watu wakiapa huku wakitokwa na machozi kwamba wanazijua nyumba ambazo hawakupata kukanyaga.

Tena ulikuwa mwaka mbaya wa kupokea wageni wa namna hiyo. Bodi ya ardhi ilikuwa imetoa tangazo kwamba mashamba yote ya upande ule wa Shoshong yaandikishwe upya kabla Januari haijaisha, na kila mwenye dai lake ajitokeze. Mjomba Galeboe, ndugu pekee wa marehemu mama yao aliyebaki hai, alikwishasema hataki shamba. Liandikwe kwa jina la Kelebonye na mdogo wake. Na sasa, Desemba hiyohiyo, anatokea mtu na mwavuli wake anauliza habari za jiko.

Mdogo mtu hakuwa na mashaka hayo. Tshenolo alikuwa msusi Gaborone, mtu wa kuzungumza na wageni kutwa, na alipotoka kibandani na kusikia maneno "nilicheza hapa" alikwishaanza kutafuta kigoda.

"Karibu ukae, dada! Kelebonye, umemwacha mtu juani kama mtoza kodi?"

"Sijamjua bado."

"Utamjua vipi akiwa nje ya lango?"

Wakamkaribisha. Akanywa maziwa mgando kibuyu kizima, akaanza kuzungumza.

Na alijua kuzungumza. Alikumbuka punda aliyeitwa Moruti, yaani mchungaji wa kanisa, kwa sababu Jumapili hakuna fimbo iliyoweza kumwondoa chini ya mti. Alikumbuka asubuhi baada ya mvua ya kwanza, kumbikumbi wakitoka ardhini kama moshi, na Bibi akiwakaanga kwa chumvi kwenye kikaango kilichopinda mpini. Alikumbuka mabua matamu ya mtama, jinsi yalivyowachana midomo watoto kwa kuyamenya kwa meno, na matikiti maji yaliyopasuliwa kwa kuangushwa chini kwa kuwa Bibi alikataza watoto kushika kisu.

"Na wewe, Tshenolo," alisema, "ulikuwa mdogo, unalazwa kwenye beseni la bati chini ya mkokoteni. Siku moja kuku alitaga humo, kando ya kichwa chako."

Tshenolo alipiga kelele kwa kicheko. "Hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniambia! Dada, ulijua?"

Kelebonye alijua. Alikuwa ameisahau, na ilipotajwa aliliona yai lenyewe. Badala ya kumlainisha, jambo hilo lilimtia baridi. Desemba zile zilikuwa zake. Utoto wake mwingine wote ulikuwa wa mjini, baba akilewa na mama akinyamaza, na katika mwaka mzima zilikuwepo wiki sita tu za kustahili kukumbukwa, hapa, kwa Bibi. Alizitunza, akazisimulia kwa wanawe na kwa wenzake kazini, akazijua kwa mpangilio. Na katika mpangilio huo hapakuwa na Seipone.

"Unakumbuka kile kisima nyuma ya zizi la mbuzi?" aliuliza kwa sauti ya kawaida, akijifanya kuchambua majani ya kunde. "Tulichokuwa tukichungulia?"

Mgeni alikunja uso. "Kisima? Hapakuwa na kisima. Maji tulikuwa tunayafuata bwawani kwa pipa."

"Labda nimechanganya."

"Umechanganya," alisema Seipone, akamtazama moja kwa moja. "Au unanipima."

"Aa, Kelebonye!" Tshenolo aliguna. "Hapa si mahakamani."

Jioni ile mgeni alipewa kitanda katika kibanda cha pili, kwa sababu gari la mwisho la kwenda Mahalapye lilikuwa limekwishapita na Tshenolo hakutaka kusikia habari ya mtu kulala njiani. Kelebonye hakubisha. Alisubiri tu wote waende kuoga, akalitoa sanduku la bati lenye karatasi za shamba chini ya kitanda chake, akalifungia ndani ya buti la gari, na ufunguo akautia kwenye sidiria.

Siku ya pili Seipone aliamka kabla yao. Walimkuta shambani na jembe, amekwishamaliza mistari miwili, na magugu ameyalaza mizizi juu, jinsi Bibi alivyokuwa akisisitiza. Tshenolo alifurahi. Kelebonye akajiuliza ni nani aliyemfundisha, na kwa nini anaonekana kama mtu aliye kwake.

Walipopumzika kivulini, mgeni alivua viatu. Kelebonye alikuwa anamsimulia Tshenolo, kwa makusudi, ili yule mwingine asikie, kisa chake anachokipenda kuliko vyote: jinsi alivyokanyaga jembe lililoachwa kwenye nyasi akiwa na miaka saba, damu ikaruka, na Bibi akafungua kilemba chake mwenyewe, cha bluu chenye maua meupe, akamfunga mguu, akambeba mgongoni mpaka barabara kuu, mwendo wa saa nzima, huku akimwimbia asilale. Hakuna siku maishani mwake aliyojiona anapendwa kama ile.

Seipone alikuwa amenyoosha mguu wa kushoto juu ya kanga. Katika unyayo, toka chini ya kidole gumba mpaka karibu na kisigino, lilipita kovu jeupe lililopinda kama mwezi mchanga.

"Bibi yako alikuwa na harufu ya tumbaku ya kunusa," alisema taratibu. "Ukiwa mgongoni, ilikuwa inakupaliza. Mimi nilipiga chafya njia nzima. Wewe ulikuwa unatukimbilia nyuma unalia, unasema na wewe ubebwe."

Tshenolo aliangalia kovu, akamwangalia dada yake. "Dada, nionyeshe lako."

"Langu lilipona vizuri," alisema Kelebonye. Ndilo jibu alilolitoa siku zote, kwa wanawe, kwa mumewe alipokuwa hai. Lakini safari hii alijisikia akilisema. Aliinuka, akasema anakwenda kijijini kununua chumvi.

"Chumvi ipo," alisema Tshenolo.

"Basi sukari."

Aliendesha gari kwa fujo mpaka Shoshong, mchanga ukiruka nyuma. Njiani alizipanga hoja zote. Kovu mtu anaweza kulipata popote. Hadithi angeweza kuzipata kwa mtu mwingine, kwa jirani, kwa mtumishi wa zamani. Huenda huyu alikuwa mtoto wa nje wa babu, au wa mjomba mwenyewe, na kuna mtu anamtuma. Njia nzima hakuruhusu wazo lile jingine lipande mbele na kukaa.

Mjomba Galeboe alikuwa amekaa uani kwake akitengeneza kamba ya ngozi. Macho yake yalikwishaanza kuingia ukungu, lakini kichwa kilikuwa kizima.

"Keoagile?" alisema. "Namkumbuka, kwa nini nisimkumbuke? Mwanamke mpole wa kutoka upande wa Tutume. Mumewe alipotelea migodini Johannesburg, mama yangu, bibi yenu, akamchukua amsaidie kupalilia, akampa kibanda cha pili. Alikuwa na kitoto cha kike kirefu kirefu."

"Mjomba, kilipata kuumia mguu?"

"Kilikanyaga jembe. Mama akambeba mpaka barabarani. Tulimsema sana, mtu wa umri ule." Alivuta kamba, akaijaribu nguvu. "Wewe ulikuwepo. Ulinuna siku tatu."

Kelebonye alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Na kwa nini waliondoka?"

Mjomba aligeuza uso kumtafuta alipo. "Umesahau, mwanangu? Au unanichezea?"

"Niambie tu."

"Kwa ajili ya ng'ombe. Kuna mtu aliacha lango wazi jioni, ng'ombe wa watu wakaingia, asubuhi hakuna mtama. Shamba zima. Mwaka ule tulikula vya kuomba. Mama akawaweka watoto mstari akauliza nani aliyetoka mwisho. Wewe ukasema ni yule mtoto. Akakuuliza mara ya pili, mara ya tatu. Ukasema ni yeye, umemwona kwa macho yako. Basi. Mama hakuwapiga wala kuwatukana, lakini wiki ile Keoagile alifunga mizigo." Akarudi kwenye kamba yake. "Alilia sana yule mwanamke. Nilimpeleka stesheni mimi mwenyewe, na mkokoteni."

"Na mtoto alisema nini?"

"Hakusema kitu. Ndiyo maana tuliamini."

Kurudi, Kelebonye aliendesha taratibu. Hakuweza kusema kwamba alikumbuka. Hakuuona mkono wake ukiacha lango. Alichokiona, na hakujua kilikuwa kimekaa wapi miaka yote hiyo, ni mgongo wa mtoto juu ya mkokoteni unaokwenda, miguu inaning'inia, mmoja umefungwa kitambaa cha bluu. Na alikumbuka furaha. Hiyo ndiyo iliyomtisha. Mkokoteni ulipopotea, alifurahi kwamba Bibi amebaki wake peke yake.

Hata hivyo, alipofika, bado alikuwa karani wa mahakama. Alimkuta mgeni peke yake kivulini, anakata matikiti kwa kisu. Tshenolo alikuwa amekwenda bwawani.

"Umekuja kuchukua nini?" alimuuliza akiwa bado amesimama. "Sema sasa hivi, mdogo wangu hayupo. Kama ni kipande cha shamba, sema. Kama ni kunivua nguo mbele za watu, sema pia."

Seipone aliendelea kukata. "Umekwenda kwa mjomba wako."

"Ndiyo."

"Amekuambia habari za lango?"

"Ulijua ni mimi?"

"Nilikuwa juu ya mti wa morula, nachuma. Nilikuona umeburuta tawi nusu, ukachoka, ukaliacha. Halafu ukaniona nakuona."

Kelebonye alikaa chini bila kutaka. "Kwa nini hukusema?"

"Mama aliniminya mkono. Aliniambia baadaye, wakisema ni sisi tutaondoka, na wakisema ni mjukuu wao, tutaondoka vilevile, maana nani atapenda kutuona tena? Bora tuondoke kimya." Alimsogezea kipande cha tikiti, Kelebonye hakukigusa. "Tukaenda Francistown. Mama akafua nguo za watu mpaka vidole vikapinda. Tulikaa chumba kimoja karibu na reli, hakuna hata mti. Unajua nilikuwa naishi kwa nini? Kwa Desemba mbili. Moruti, kumbikumbi, bibi yako. Nilipozaa nikamsimulia binti yangu kila kitu, kila usiku wa kumlaza. Sasa ni mtu mzima, ananiambia, 'Mama, acha kutunga. Mtu anayefua nguo za watu alikuwa na shamba wapi? Mtu gani alikubeba wewe mgongoni?' Mama yangu amefariki mwezi wa nane. Hakuna mwingine wa kunishuhudia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimekuja kutazama kama mahali hapa papo. Kama palikuwepo. Na kama kuna mtu atakayemwambia Wame kwenye simu kwamba mama yake si mwongo. Ni hilo tu."

Kelebonye alifikiri: kwenye simu. Kwenye simu mtu hurekodi. Nikikiri alikaa hapa, wakili yeyote wa bei rahisi atayapeleka maneno hayo bodi ya ardhi kabla ya Januari. Wazo lilikuja lenyewe, limekamilika, kama mtumishi aliyezoea kuitwa. Akalitazama wazo hilo, kwa mara ya kwanza akaona haya nalo. Lakini halikuondoka.

"Naweza kukuandikia karatasi," alisema Seipone, kana kwamba alilisoma usoni mwake. "Kwamba sidai hata konzi ya udongo. Wewe ndiye karani, niandikie nitie sahihi."

"Hapana," alisema Kelebonye, na uso ulimwaka. "Hapana. Acha."

Tshenolo aliporudi na maji, Kelebonye alimwambia mwenyewe. Hakumpamba mtu yeyote wala kujitetea kwa miaka saba aliyokuwa nayo. Alianza na lango, akamalizia na mguu. Tshenolo alimsikiliza akiwa amesimama, ndoo ikiwa bado kichwani.

"Kila Krismasi," alisema hatimaye. "Kila Krismasi unatutoa machozi na hicho kilemba cha bluu."

"Najua."

"Wanao wanakijua kwa moyo."

"Nimesema najua, Tshenolo!"

Simu pale shambani ilishika kwenye kichuguu tu, kile kikubwa kilicho nje ya uzio. Wakapanda watatu, wanawake wazima wanashikana viwiko wasiteleze, jua la saa kumi likiwapiga usoni. Seipone akampigia binti yake, akasema maneno mawili, akampa Kelebonye simu.

"Nani mwenzangu?" ilisema sauti ya kijana, kavu.

"Naitwa Kelebonye. Niko shambani kwa bibi yangu, karibu na Shoshong. Niko na mama yako."

"Sawa. Amekuahidi nini useme?"

Kelebonye karibu acheke. Aliijua sauti ile. Ilikuwa kama yake mwenyewe asubuhi ya jana. "Hajaniahidi kitu. Sikiliza, Wame. Mama yako alikaa hapa Desemba mbili. Punda aliitwa Moruti."

"Hayo amekufundisha hapo hapo."

"Basi nikuambie ambalo hajanifundisha. Siku mama yako alipokanyaga jembe, bibi yangu alimbeba mgongoni mpaka barabarani, na mimi nilikimbia nyuma yao nikilia kwa wivu. Nilikuwa na wivu naye. Kisha ng'ombe wakala mtama kwa kosa langu, nikasema ni kosa lake, wakamfukuza yeye na bibi yako. Halafu nikachukua hadithi ya mguu wake nikaifanya yangu, nimeisimulia miaka arobaini na nne. Sasa niambie, nani angeahidiwa kitu akubali kusema hivyo?"

Upande wa pili ilisikika redio mbali, na mtoto analia.

"Wewe ni mtu mbaya," alisema Wame mwishowe, lakini bila ukali, kama mtu anayeweka kitu mahali pake.

"Nilikuwa mtoto mbaya siku moja. Haya mengine sijui."

"Nipe mama."

Kelebonye alimrudishia Seipone simu, akashuka kichuguuni na Tshenolo, wakamwacha mwenye simu juu kule. Kutoka chini walimsikia Seipone akisema, "Ndiyo. Ndiyo, mwanangu. Hapana, silii, ni jua." Alizungumza mpaka salio likaisha.

Alikaa nao siku mbili zaidi. Wakapalilia mpaka uzio wa kusini, na kazi iliwafanya wazungumze mambo ya kawaida, bei ya unga, magoti, watoto wasiopiga simu. Kelebonye alijikuta mara mbili akimchunguza akiingia kibandani, mara mbili akajikaripia. Hakuomba msamaha mpaka asubuhi ya kuondoka, walipokuwa wanasubiri gari kando ya barabara, na alipoomba aliomba vibaya, kwa maneno ya kazini, kana kwamba anasoma jalada.

Seipone alimsikiliza mpaka mwisho.

"Aliyepaswa kuombwa ni mama," alisema. "Mimi siwezi kukujibu kwa niaba yake. Lakini umesema na Wame, na ulisema ukweli, hata pale ambapo ungeweza kupunguza. Hilo nimelipokea."

"Utakuja Desemba nyingine?"

"Sijui. Wame anasema anataka kuona. Anasema haamini mpaka aone." Akacheka kidogo. "Tutaona."

Gari likaja, likasimama kwa vumbi. Tshenolo alimpa matikiti mawili kwenye mfuko wa unga, na Kelebonye akampandishia begi. Mwishoni mwa Januari shamba liliandikwa kwa majina ya dada wawili, na hakuna aliyetokea kulipinga, ingawa Kelebonye alikaa kwenye benchi la bodi kutwa nzima akiangalia mlango.